Baada ya Utepe Kukatwa: Visima vya Kwale na Uhai wa Mradi

Mradi unapokufa, jambo la kwanza tunalofanya ni kumtafuta mwizi. Mara nyingi tunampata, nami sikuja kumtetea. Lakini ipo miradi iliyokufa bila senti kuibwa. Vifaa vilinunuliwa, kazi ikaisha kwa wakati, ripoti ikamfikia mfadhili, na baada ya miaka michache akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. Hoja yangu ni kwamba mradi wa namna hii huwa umeshauawa kwenye karatasi, pale meneja alipoandika siku ya makabidhiano kuwa ndiyo mwisho wa kazi yake.

Ushahidi tunao hapa Kwale. Katika miaka ya 1980, serikali ikishirikiana na wafadhili, wakiwemo Benki ya Dunia na shirika la misaada la Sweden, ilichimba visima na kufunga pampu za mkono katika vijiji vya pwani hii ya kusini. Shirika la Kenya, KWAHO, ndilo lililoketi na wanavijiji. Kamati za maji ziliundwa, fedha za matengenezo zikachangwa, na wanawake wakafunzwa kufungua pampu na kubadilisha vipuri vyake. Pampu ya Afridev, inayotumika leo katika nchi nyingi, ilifanyiwa majaribio hapa, nayo ilibuniwa makusudi ili mwanakijiji aweze kuitengeneza kwa vifaa vichache. Kwa kipimo cha wakati ule, huu ulikuwa mradi uliosimamiwa vizuri mno, na visima vyake kadhaa vimenywesha watu kwa miongo.

Kwa nini basi vingine vilikufa mapema? Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchunguzi uliofuatilia visima zaidi ya 300 vya pwani hii tangu vilipofungwa pampu. Walikuta kwamba kisima kilikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa pale ambapo maji yana chumvi, yako chini sana, au yanatoka kwenye tabaka la mchanga. Hatari iliongezeka pia kadiri duka la vipuri lilivyokuwa mbali. Tuyatazame mambo haya kwa makini. Chumvi na mchanga havihusiani na uvivu wa kamati. Kina cha maji kilijulikana siku ya kuchimba, na umbali wa duka ungepimwa hata kabla ya siku hiyo. Vijiji vyenye mizigo tofauti kabisa vilipewa mpango mmoja wa matengenezo, kisha tukavilaumu vile vilivyoelemewa kwamba havina moyo wa kujitegemea. Lawama hiyo ni dhuluma, nami naisema wazi.

Nitaambiwa kwamba mradi ni wa wananchi na wao ndio wautunze. Nakubali kwamba bila wenyewe hakuna kinachodumu. Wanawake wa Kwale walilithibitisha hilo. Ila kumiliki pampu hakumpunguzii mtu wa hapa Lunga Lunga zaidi ya kilomita 50 za kwenda mjini Ukunda kutafuta kipuri. Wengine watasema meneja hana uwezo, kwa kuwa fedha za mfadhili zina tarehe ya mwisho. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo meneja ndiye anayeandika bajeti, na anaweza kumwambia mfadhili kwamba ni bora visima 40 vyenye fundi wa kuvihudumia kuliko 60 visivyo na mwenyewe. Kusema hivyo kunahitaji ujasiri, kwa sababu idadi ya visima ndiyo inayopigiwa makofi siku ya uzinduzi.

Na njia nyingine imeshajaribiwa hapa hapa. Katika miaka ya 2010 ilianzishwa Kwale huduma ya matengenezo iitwayo FundiFix. Wanakijiji hulipa ada ndogo, na pampu ikiharibika mafundi wanawajibika kuitengeneza haraka, kwa kawaida ndani ya siku tatu. Huduma hiyo haijaondoa umaskini, na ada pekee haitoshi kuiendesha. Kuna mfuko wa kuziba pengo. Sioni aibu katika hilo. Barabara ya kutoka Likoni hadi mpakani hatuitengenezi kwa michango ya kamati za vijiji, na hakuna anayesema wananchi wameikataa.

Kwa hiyo kaunti inapotangaza zabuni ya kisima, mkataba uandikwe uwe na miaka ya huduma ndani yake. Sehemu ya malipo ya mkandarasi ifungamane na maji yanayotoka, kijiji chenye maji ya chumvi kitengewe fungu kubwa zaidi la matengenezo, na stoo ya vipuri iwekwe hapa Lunga Lunga.