Joto Lisiloonekana Kwenye Geji

Dereva yeyote utakayekutana naye katika barabara kuu ya kutoka Makambako kwenda Mbeya anajua maji ya rejeta yake yana joto gani. Geji iko mbele ya macho yake, na mshale ukipanda tu, utingo anateremshwa na dumu. Sasa muulize dereva huyohuyo oili ya difu yake ina joto kiasi gani. Atakutazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa kivuli chake. Leo nataka tuzungumze juu ya joto hilo la pili, kwa sababu ndilo linaloyala magari yanayotoa mpunga Ubaruku, na hasara yake hailipwi na mwenye gari peke yake.

Kwa wale ambao hawajafika, Ubaruku iko katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, mahali ambapo katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga shamba kubwa la mpunga kwa msaada wa Wachina, likawa chini ya NAFCO. Shamba limebadili wenyewe, lakini mpunga upo, na wakulima wadogo wanaolima kandokando ya mifereji ni wengi. Bonde ni tambarare, meta 1,000 na ushei juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni la kuanikia mpunga kweli. Lakini gunia likishatoka hapo halina budi kupanda. Ukishika njia ya mashariki unapanda hadi Makambako. Ukishika ya magharibi unapita Chimala, Igurusi na Inyala hadi Uyole na Mbeya. Kote huko ni zaidi ya meta 1,600. Yaani gari linajazwa kwenye joto, na kabla halijapoa linaingizwa mlimani.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Chukua lori lenye injini ya nguvu za farasi 200, linapanda likiwa limekanyagwa mpaka mwisho. Tuseme difu inapoteza asilimia 4 tu ya nguvu hiyo kwa msuguano wa meno. Hizo ni nguvu za farasi 8, karibu kilowati 6. Ni sawa na kuchukua pasi sita za umeme, kuziwasha zote na kuzitumbukiza ndani ya chungu cha chuma chenye lita chache za oili. Tambarare, gari likikimbia, upepo unapita chini na kukipoza chungu. Mlimani lori linatambaa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na pengine upepo unatoka nyuma. Pasi zinawaka, upepo hakuna.

Wataalamu wa vilainishi wana kanuni yao: oili ikishapita joto lake la kawaida, kila nyuzi 10 za Sentigredi zinazoongezeka hupunguza umri wake karibu kwa nusu. Oili ya injini hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 90 na 110 hivi. Ikizidi 130 huanza kuharibika upesi. Ile ya giaboksi na difu nayo haipendi kukaa juu ya 120. Ikishaungua inakuwa nyeusi, inanuka kama yai viza, na meno yanaanza kusagana chuma kwa chuma. Dereva haoni kitu, kwa kuwa geji ya maji bado iko katikati.

Wenye magari ya mashindano waliligundua jambo hili zamani. Gari linalozunguka uwanja wa mbio kwa nusu saa, injini ikilia juu muda wote, linapata matatizo yaleyale ya lori la mpunga mlimani, ila lenyewe linayapata kwa kasi. Vivyo hivyo magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, kabla ya kubaki Kenya, ambako mwaka 2021 yalirudi katika orodha ya ubingwa wa dunia. Dawa yao ni kuifungia oili rejeta yake yenyewe. Injini ni rahisi, maana tayari ina pampu: unaitoa oili penye filta, unaipitisha kwenye rejeta ndogo mbele ya gari, unairudisha. Giaboksi ya mkono na difu ni kazi zaidi, kwa sababu nyingi hazina pampu, oili hurushwarushwa na meno tu. Inabidi uweke pampu ya umeme, chujio la kuzuia vipande vya chuma, rejeta, na bomba la kurudishia.

Nasimulia haya kwa sababu Ubaruku nilikuta gereji moja, chini ya mwembe, kijana akifunga kitu hichohicho kwenye lori la tani 7. Rejeta ilitoka kwenye gari lililokufa. Kazi ilikuwa safi, nami nilimsifu. Nikamuuliza, "Fundi, hiyo difu ilikuwa inafika joto gani kabla hujafunga?"

"Mzee, ilikuwa inachemka."

"Ulipima?"

"Mzee, kitu kinachochemka unapima cha nini?"

Basi ndipo ninapotofautiana naye, ingawa mikono yake inajua mengi kuliko mdomo wangu. Wenye mashindano hawafungi rejeta ya oili kabla ya kufunga geji ya oili. Oili inaweza kupoa kupita kiasi, na huo nao ni ugonjwa. Asubuhi ya Juni pale Makambako, wakati watu wamejifunga mablanketi, oili ya difu ni nzito kama uji uliolala. Ukiilazimisha kupita kwenye pampu ndogo, unaunguza pampu. Oili ya injini isipofikia joto lake, unyevu hautoki, unageuka tope ndani. Ndiyo maana kifaa hicho hutiwa themostati, kuizuia oili isiende kwenye rejeta mpaka ipate moto. Isitoshe, kila bomba jipya ni mahali papya pa kuvuja. Bomba la oili ya injini likipasuka, injini inakufa katika muda mfupi kuliko wa kuvuta sigara, na oili ikimwagikia bomba la moshi lenye moto, lori linaweza kuwaka.

Kupima si jambo la kitajiri. Mafundi wa zamani walidondoshea maji kwenye kasha la difu mara gari lisimamapo kileleni: yakichemka papo hapo, chuma kimepita nyuzi 100. Siku hizi kuna vipimajoto vya kuelekezea kama bastola. (Si vile tulivyoelekezewa kwenye paji la uso mwaka 2020. Vile vilitengenezwa kwa homa, si kwa difu.)

Na ukishapima, mara nyingi utakuta dawa iko karibu zaidi ya rejeta mpya. Pale Ubaruku lori linasimama siku nzima kwenye mashine ya kukobolea, pumba zinaruka hewani kama mbu. Pumba hizo zinaingia kwenye matundu ya rejeta, zinachanganyika na vumbi na oili kidogo, zinakuwa plasta. Nimeona rejeta ambayo ukiimulika kwa tochi hupati mwanga upande wa pili. Kuongeza rejeta ya oili mbele ya rejeta iliyozibwa ni kumvika mgonjwa wa homa koti la pili. Ioshe kwanza, kwa maji yasiyo na kishindo kikali, kutokea upande wa injini, mapezi yasikunjwe.

Halafu kuna maji ya mifereji. Difu yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ndani yake hujikunja na kuvuta, na kama tundu lake la kupumulia limeziba kwa tope, inavuta maji kupitia kwenye sili. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Watu wa rally huunganisha mpira kwenye tundu hilo na kuupandisha juu hadi kwenye bodi. Hilo ningependa kuliona Ubaruku kabla ya rejeta yoyote.

Sembuse uzito. Lori la tani 7 lililobeba tani 12 hakuna rejeta itakayolitetea. Hata reli ilikubali sheria hiyo ya mlima. Vichwa vya treni vya kwanza vya TAZARA, vilivyotoka China, vilipeleka nguvu kwenye magurudumu kwa kupitia mafuta, na vikaonekana kuwa na nguvu haba kwa kipande cha Mlimba hadi Makambako. Mwaka 1983 vikaletwa vingine vya dizeli na umeme vilivyotengenezwa Ujerumani. Shirika la nchi mbili lilibadili mashine. Mwenye lori moja anabadili oili tu, tena ya dumu lisilo na jina.

Nilisema hasara hailipwi na mwenye gari peke yake. Mkulima aliyekodi nafasi ya gunia 30 analala porini akiyalinda, na mnunuzi wa Mbeya hamsubiri. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni mteremko. Dereva anayeshuka Inyala anaishikilia gari kwa gia, si kwa breki peke yake, kwani breki za kuteremkia mlima mrefu nazo hupata moto zikakosa nguvu. Meno ya difu yakikatika hapo, injini na magurudumu havijuani tena. Tani zote zile zinabaki juu ya breki ambazo zimeshachoka, mbele kuna mabasi, na juu ya magunia, kama kawaida yetu, wamekaa abiria.

Juma lijalo tutaendelea na breki zenyewe.