Kanisa la Wageni katika Mji Wenye Kumbukumbu



Nimeombwa nizungumzie Mkristo na utamaduni wa mji anaoishi. Hapa Garissa mada hii ina ugumu wake. Wengi wetu ni walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara tuliovuka daraja la Tana kuja kutafuta riziki. Tunaishi tukingoja uhamisho, na mtu anayengoja uhamisho hajifunzi Kisomali.

Sisemi kwamba hofu yetu haina msingi. Julai 1, 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa ibada ikiendelea. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha hapa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii. Anayetuambia tusiogope hajalala hapa hata usiku mmoja.

Lakini tukiulizwa kuhusu utamaduni wa wenyeji, tunataja maziwa ya ngamia, hina, na maduka kufungwa Ijumaa adhuhuri. Hayo hata mpita njia anayaona. Mji huu una kumbukumbu zake pia, na hapo ndipo ugeni wetu unapojitokeza hasa. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa, vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir na kuuawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Machoni pa wenyeji wengi, waliotumwa kufanya hayo walikuwa watu wa kwetu, wenye majina kama yetu. Wangapi kati yetu wamewahi kusikia Bulla Kartasi ikitajwa kanisani?

Annalena Tonelli, Mkatoliki kutoka Italia, alikuwa Wajir wakati wa mauaji ya Wagalla. Alikuwa akitibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji, na kwa kuwa wodi haikuwafaa watu wa kuhamahama, aliwawekea manyatta wakae humo hadi wamalize dawa. Mauaji yalipotokea aliwahudumia majeruhi na kusaidia habari ifike nje. Ikambidi aondoke nchini. Aliendelea na kazi hiyo hiyo kwa Wasomali hadi alipouawa Borama, Somaliland, mwaka 2003. Kwangu mimi, huyo ndiye aliyeujua utamaduni wa watu hawa.

Wenyeji nao wametulinda. Baada ya mashambulizi ya 2012, viongozi wa Kiislamu waliahidi kuwatoa vijana wao wasaidie kulinda makanisa. Desemba 2015, abiria Waislamu wa basi la Mandera lililovamiwa na magaidi walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari iliyofuata akafariki.

Kila Aprili tunawaombea marehemu wetu wa chuo kikuu, na tuendelee. Napendekeza Novemba hii tuwaalike wazee wa Bulla Kartasi watusimulie, nasi tusikilize bila kujitetea. Wakalimani tunao: watoto wetu waliozaliwa hapa wanakijua Kisomali kutushinda. Mpishi awe mwenyeji, na kikao kimalizike kabla ya Alasiri.