Tupime Bati Kabla ya Kuezeka



Nimeombwa niseme machache juu ya bati. Wengi wetu tulihamia huku ili tujenge, mwingine kwa mkopo, mwingine kwa kiinua mgongo. Saruji haikutusumbua, kwani kiwanda cha Wazo Hill kimekuwa jirani tangu mwaka 1966. Kuta zetu ni imara. Mashaka yako juu ya kuta.

Bati ni feleji iliyobanwa baina ya rola nzito mpaka ikawa nyembamba kama karatasi ngumu, kisha ikachovywa katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi. Kazi hii si ngeni Dar es Salaam. Kiwanda cha ALAF kilianzishwa mwaka 1960. Zinki ndiyo mlinzi. Upepo wa Kunduchi na Ununio unapoleta chumvi, zinki huliwa kwanza, na hata bati likikwaruzwa kidogo, zinki iliyo kando ya mkwaruzo hujitoa mhanga kwa ajili ya chuma. Basi anayenunua bati ananunua vitu viwili, unene wa chuma na wingi wa zinki, na vyote viwili havionekani kwa macho. Rangi nzuri huvificha zaidi.

Hapo ndipo tunapohadaiwa. Unene hutajwa kwa geji, nayo geji ina desturi ya ajabu: namba ikipanda, bati hupungua. Geji 28 hukaribia milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3. Mimi mwenyewe niliuziwa mabati yenye chapa ya 28. Mwaka wa nne, upande unaotazama bahari ulishika kutu. Fundi mmoja wa Gerezani alikwangua rangi, akaweka kipimo chake, tukakuta 30. Stakabadhi ninayo mpaka leo, lakini siku ya kununua sikuwa na kipimo. Kwangu hasara ilikuwa ya familia moja. Kamati ya shule ikinunua hivyo, watoto ndio watakaohamisha madawati kila mvua inyeshapo, na fedha zilizopotea ni za umma.

Kwa hiyo barua ya kuagiza na itaje milimita, pasipo kuhesabu rangi, na bati moja lipimwe kabla gari halijashusha mzigo.

Fundi naye aangaliwe. Wako wanaokata bati kwa mashine ya kusagia kwa sababu ni haraka. Cheche zake huunguza zinki ukingoni, na vumbi la chuma likibaki juu ya paa huota kutu. Mkasi wa bati ni wa polepole, ila hauumizi.

Vipande vinavyobaki visiuzwe kwa mnunua vyuma chakavu. Fundi huvikunja kwa ubao na nyundo vikawa mifereji ya kukinga maji. Viungo hupigwa ribiti, kisha hulehemiwa. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000, na jiji hili hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Mfereji uinamishwe kidogo kuelekea tangi, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe imwagike, kwa kuwa imebeba vumbi na kinyesi cha ndege.