Dawa Peke Yake Haitoshi: Tiba ya Viungo na Tiba Kazi kwa Wenye Ugonjwa wa Parkinson



Ugonjwa wa Parkinson huingia kwa kunyemelea. Mkono hutetemeka hali umetulia, mwili hukakamaa, hatua hufupika, na mwandiko huzidi kuwa mdogo. Wengi hudhani ni uzee tu. Chanzo chake ni kupungua kwa dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo. Dawa ya levodopa hupunguza dalili hizo, lakini haiuponyi ugonjwa, wala haimfundishi mgonjwa namna ya kugeuka bila kuanguka. Kwa hiyo ziulizieni huduma mbili zifuatazo mara tu ugonjwa unapotambuliwa. Msingoje hadi nyonga ivunjike.

Ya kwanza ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Mtaalamu hupima mwendo, nguvu na uwezo wa mwili kujisawazisha, kisha hupanga mazoezi yanayomfaa mgonjwa huyo. Wapo ambao miguu yao huganda ghafla, hasa mlangoni au wanapogeuka. Hao hufundishwa kutulia, kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kuhesabu kwa sauti, kisha kuvuka mstari uliowekwa sakafuni. Jamaa wasimvute mgonjwa mkono, kwani kuvutwa kwaweza kumwangusha.

Mbinu hizi hazihitaji mashine za bei kubwa. Katika wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, watafiti waliwafunza kutembea kwa vidokezo wagonjwa ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba mwendo wao uliongezeka kasi na hatua zao zikarefuka.

Ya pili ni tiba kazi, ambayo humwezesha mgonjwa kuoga, kuvaa, kula na kuandika mwenyewe. Mtaalamu huiangalia nyumba pamoja na mwenyewe: mikeka inayoteleza iondolewe, vishikio viwekwe karibu na choo, na taa iwe karibu na kitanda. Mgonjwa avae akiwa ameketi, akianza na mkono ulio mzito. Aandike kwenye karatasi yenye mistari. Na kazi ngumu azifanye saa ambazo dawa inafanya kazi vizuri.

Kabla ya kulipa, ulizeni mambo manne. Je, mtoa huduma ana leseni? Hapa Kenya, wataalamu wa fiziotherapia husajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na wale wa tiba kazi na baraza la sheria ya mwaka 2017. Je, atampima mgonjwa kwanza, au ana mazoezi yaleyale kwa kila mtu? Lengo ni lipi, na litapimwa baada ya vipindi vingapi? Na je, mgonjwa atafanya mazoezi gani nyumbani?

Yeyote anayewaahidi kuuponya kabisa ugonjwa huu, awe anauza mkanda, mafuta au mashine ya kusugua mwili, msimpe fedha zenu. Hadi leo hakuna tiba inayouponya. Wala mgonjwa asiache dawa bila shauri la daktari.

Kinachowezekana ni mgonjwa kuendelea kutembea, kujilisha na kujihudumia kwa muda mrefu zaidi. Hilo ndilo la kulipia, na ndilo la kulidai.