Choya Haianikwi Chini

Msikilizaji, rozela, ambayo wengi hapa Tanzania tunaiita choya, ni ndugu wa bamia na pamba. Ua lake hunyauka upesi. Kinachovunwa ni kile kikombe chekundu, kinene na kichachu, kinachobaki kimelikumbatia tunda la mbegu. Mvunaji hukata kitako cha tunda, akalisukuma nje kwa kijibomba chembamba, kikombe kikabaki kizima. Hufanya hivyo kimoja kimoja, na kilo 10 za vikombe vibichi hutoa takriban kilo 1 tu iliyokauka.

Baada ya jasho lote hilo, kuianika choya juu ya udongo ni kuitupa. Mchanga ukishaingia kwenye mikunjo yake kuutoa ni kazi, na mnunuzi makini ataikataa. Kichanja cha wavu, kivuli na upepo vinatosha. Hilo maofisa ugani walisemee kwa sauti kubwa zaidi kuliko wanavyosemea masoko ya ng'ambo.

Tukitaja masoko ya ng'ambo, nchini Sudan, ambako choya huitwa karkade, wakulima wa Kordofan na Darfur waliifanya zao la kuuza nje kwa kutegemea mvua na ardhi ya kichanga. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimewafukuza wengi mashambani, na inauma.

Choya hulimwa pia kwa ajili ya nyuzi, lakini choya ya kutengenezea magunia, kama ile ya India, ni aina nyingine, ndefu, yenye matawi machache. Anayekuuzia mbegu ya aina moja kwa ahadi ya juisi na magunia pamoja, usimpe fedha yako.