Mukanda wa Mwana Aliye Mbali
Maneno ya katekista katika sikukuu ya jubilei ya parokia



Tumeombwa kusema machache juu ya wale waliotutangulia. Wengine wamekwisha kuwasifu waliofyatua matofali ya kanisa na waliofundisha katekismu chini ya miti. Sisi tumechagua kuwakumbuka watu wasiotajwa sana: askari waliotumika katika hospitali ya vita, na jamaa zao waliobaki huku wakingojea mukanda.

Mwaka 1941 askari wa Force Publique walipigana na Waitaliano katika nchi ya Abisinia, wakashinda Asosa, Gambela na Saio. Majina hayo yamebaki katika barabara za Kinshasa, na vijana wengi huyatamka bila kujua yalikotoka. Lakini Kongo haikutoa wenye bunduki tu. Ilitoa pia hospitali ya kupokea majeruhi, iliyoitwa kituo cha 10 cha Kongo ya Wabelgiji, yenye Waafrika wapata 350 na wazungu wapata 20. Ilitumika pamoja na majeshi ya Waingereza katika Abisinia, Somalia na Madagaska, na mwishoni katika Birmania, hata mwaka 1945.

Hospitali ya namna hiyo hukaa nyuma kidogo ya mapigano. Majeruhi huletwa kwa machela na kwa magari. Wanganga hutazama nani apasuliwe mara moja, nani aweza kungoja, na nani apelekwe nyuma zaidi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, kati ya matope na malaria, ikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Wengi wa askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Basi huko mbali, katika pori la Asia, mtoto wa Kongo ya mashariki aliweza kusikia mgonjwa akiomba maji kwa Kiswahili.

Katika utoto wetu, kuelekea mwaka 1990, tulimfahamu mzee mmoja wa mtaa wetu aliyetumika katika hospitali hiyo. Jina lake tunaliacha, kwani yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa. Alitueleza kwamba usiku, baada ya kufunga vidonda, kazi ya pili ilianza, nayo ilikuwa kuandika. Askari aliyeumizwa mkono alimwita: «Ndugu, uniandikie kwa mama.» Naye aliketi juu ya sanduku la dawa, taa ikiwa karibu, akaandika. Hakuruhusiwa kutaja mahali walipo wala hesabu ya waliokufa, kwa maana wakubwa wa jeshi waliisoma mikanda kabla ya kuipeleka. Yakabaki maneno machache: mimi ni mzima, mvua ni nyingi, mbuzi wa mahari wasiuzwe. Mara nyingine mwenye maneno alifariki kabla mukanda wake haujachukuliwa na posta.

Lakini sikilizeni, maana hapa ndipo mzee alipoinamisha kichwa. Yeye aliyewaandikia wengine, hakumwandikia mama yake. Alijiambia: kesho. Kesho ikawa mwezi, na miezi ikapita mwaka. Huku Kindu mama alikwenda bandarini kila masuwa ilipotoka Ubundu, akaenda gare kila gari-moshi lilipotoka Kongolo, akauliza, akarudi mikono mitupu. Mwishoni watu wa jamaa wakasema: mtoto amekufa. Wakafanya kilio, na mama akanyolewa nywele.

Usiku mmoja majeruhi mmoja alimwuliza mzee wetu: «Na wewe, ndugu, nani anakuandikia?» Akakosa jibu. Usiku ule ule akaandika. Mukanda ulipofika baada ya miezi mingi, mama, ambaye hakujua kusoma, aliuchukua kwa katekista. Katekista akausoma mbele ya nyumba, watu wamesimama kimya. Mama hakuuliza habari za vita. Alisema tu: «Soma tena jina lake.» Akalisoma mara tatu. Ndipo mama akavua nguo ya kilio.

«Mama alinisamehe siku niliporudi,» alisema mzee, «lakini nywele zile alizonyolewa, mimi sijajisamehe.»

Ndugu wapenzi, Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Waroma uliandikwa kwa mkono wa mtu aitwaye Tertio. Anajitaja mara moja tu, karibu na mwisho, akiwasalimu wasomaji. Paulo alisema, Tertio akaandika, wengine wakauchukua njiani, na wengine wakausomea kusanyiko. Kama mmoja wao angesema «kesho», Waroma wangebaki wakingojea. Mzee wetu alikuwa Tertio wa majeruhi. Katekista yule wa zamani alikuwa msomaji. Ndiyo kazi ya parokia pia.

Mwezi wa Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani Kaporali Albert Kunyuku, mwenye miaka 100, aliyetumika Birmania. Tulifurahi. Lakini wengi walikufa bila nishani, na mikanda yao imeliwa na mchwa.

Na vita havikutuacha. Mwaka 1964, tangu Julai hata Novemba, Wasimba waliushika mji huu wa Kindu, na jamaa nyingi zikapotezana. Mwaka 2025 Goma ilitekwa mwezi wa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari. Tena tukaona akina mama wameshika simu mkononi, wakipiga namba isiyoitika. Siku hizi mukanda hauhitaji masuwa wala gari-moshi. Hata hivyo tunao watoto walioko jeshini, chuoni, au katika machimbo, ambao mama zao hawajasikia sauti yao tangu Pasaka. Nasi makatekista tunajishitaki: mara ngapi tumeombwa na bibi mmoja kumwandikia, tukamjibu «kesho»?

Kwa hiyo, kwa heshima ya jubilei hii, tunawaomba vijana wenye simu wakae Dominika baada ya Misa karibu na mlango wa kanisa, wawasaidie wazee kutafuta watu wao. Na yeyote aliye na mukanda wa zamani wa askari ndani ya sanduku, aulete kwa Padri, uandikwe upya kabla mchwa hawajaumaliza.

Na wewe uliye na mama mbali, usingoje tumalize kula karamu. Ondoka sasa hivi, umwite. Hatutakasirika.

Mungu awabariki.