Ardhi Yetu, Dhamana Yetu
Hapa Shinyanga miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, nchi ikakaribia kuwa jangwa. Mwaka 1986 mradi wa HASHI ulianza kufufua ngitili za Wasukuma, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafae kiangazi. Miti ikarudi, kwa kuwa wanavijiji wenyewe walikubaliana kuilinda.

Huko Geita dhahabu imelala chini ya mashamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Basi tuhudhurie, tuulize: mjane ana fungu gani katika ngitili? Mashimo atayafukia nani? Muhuri wa kijiji usihalalishe dhuluma.